Makovu Manne ya Babu

Babu yangu mzaa baba alikuwa na makovu manne kiunoni, mawili kulia kwa uti wa mgongo na mawili kushoto, kila moja duara la ukubwa wa shilingi ya zamani. Sisi wajukuu tuliyaona kila alipoketi kifua wazi uani, kwetu Pangani, akingoja maji ya kuoga yapoe. Ngozi ya pale ilikuwa laini, inang'aa, haina kinyweleo hata kimoja. Ukimwuliza yametoka wapi, alijibu kwa neno moja: "Sur."

Sur ni bandari ya Oman, mji wa waunda majahazi. Babu alikuwa baharia. Walipakia boriti za mikoko kwenye delta ya Rufiji, wakatweka tanga kusi iliposhika, wakaenda kuziuza kwa watu wasio na miti ya kuezekea, kisha wakarudi na kaskazi. Boriti ni mzigo wa kiuno. Unaipokea begani huku umezama kwenye tope hadi magotini, unageuka nayo, unamkabidhi mwenzio aliye juu ya chombo, unarudia. Safari moja, kabla ya vita vya Hitla, kiuno kikamshika asiweze kunyooka. Walipofika Sur, wenyeji wakamlaza kifudifudi mchangani. Mzee mmoja akatia chuma kwenye makaa, akawa anambonyeza kwa kidole gumba mpaka anapopiga ukelele, na penye ukelele ndipo alipoweka chuma. Mara nne.

Babu alisema alipona. Bibi alikuwa na maelezo mengine: safari iliyofuata nahodha alimfanya mpishi wa chombo, hakugusa boriti tena, kwa hiyo moto usisifiwe kwa kazi iliyofanywa na sufuria. Wazee hawa walibishana hivyo miaka yote niliyowajua, nasi watoto tukicheka. Sasa nina umri wa miaka 54, kiuno kimenishika mimi, na nimekuta madaktari wa dunia nzima wanabishana kama Babu na Bibi.

Daktari aliyenipokea ni kijana, ananiita mzee. Juu ya meza yake ana uti wa mgongo wa plastiki uliotungwa kwenye waya kama shanga, na neva, yaani mishipa ya fahamu, ni nyuzi za manjano zinazochomoza pembeni. Aliugeuza akanionyesha upande wa nyuma. Mbele, pingili na pingili hutenganishwa na disiki, ule mto ambao kila mtu ameusikia. Nyuma, kila pingili huegemea mwenzake kwa viungo vidogo viwili, kulia na kushoto, vilivyopandana kama vigae. Hivyo ndivyo viungo vya faseti. Vina gegedu, vina utando, vina majimaji ya kulainisha, sawasawa na goti, ila kiungo kizima kina ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na nafasi iliyomo ndani ukiijaza dawa haipokei zaidi ya mililita moja na kitu. Gegedu likilika, mfupa husugua mfupa, kiungo huvimba na kuota vijipembe. Ukiinama nyuma au ukijipinda kutazama begani, unakisikia.

Picha yangu ya MRI ilionyesha uchakavu kwenye faseti za ngazi mbili za chini kabisa, pande zote mbili. Yaani viungo vinne. Nikaanza kuhesabu makovu kichwani.

"Vidonge na mazoezi visipotosha," daktari akasema, "ipo njia ya kuchoma."

"Kuchoma nini?"

"Neva zinazoleta maumivu, mzee. Tunaingiza sindano, tunazichoma."

Nilicheka mpaka kiuno kikaniadhibu. Nikarudi nyumbani na kuanza kuufuata moto huo nyumanyuma, nijue umepita wapi tangu pwani ya Sur.

Njia inaanzia mdomoni mwetu wenyewe. Ugonjwa wa viungo tunauita baridi yabisi, na tunatamka hivyo bila kufikiri kwamba ni maneno mawili ya Kiarabu, baridi na kavu, yaliyotoka moja kwa moja kwenye utabibu wa Wayunani uliopokelewa na kina Ibn Sina. Kwao kila maradhi yalikuwa na tabia yake: moto au baridi, unyevu au ukavu. Mwenye kukakamaa viungo ameingiliwa na baridi, na baridi hufukuzwa kwa joto. Mswahili anayemkanda mgonjwa kiuno kwa kitambaa cha maji ya moto anafuata nadharia ya miaka elfu moja, hata kama hajawahi kusikia jina la mwenye nadharia.

Kutoka kukanda hadi kuchoma ni hatua moja. Mtu aliyeiandika vizuri zaidi ni Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia, mzaliwa wa Madinat al-Zahra karibu na Cordoba, aliyefariki yapata mwaka 1013. Kitabu chake, al-Tasrif, kina sehemu 30, na ya mwisho, inayohusu upasuaji, inaanza na moto: mchoro wa kila chuma, umbo lake, mahali pa kukiweka. Maumivu ya mgongo na ya nyonga yamo. Kilichonishika ni jambo dogo la kifundi. Wengi wakati wake walisifia kuchoma kwa dhahabu, yeye akasema hapana, chuma ni bora. Dhahabu ikiwa motoni rangi yake haikuambii imefikia joto gani, tena inapoa upesi. Huyu ni mtu aliyechoma watu wengi akajali kujua amewachoma kwa kiasi gani. Karne iliyofuata Gerard wa Cremona aliitafsiri sehemu hiyo ya upasuaji kwa Kilatini huko Toledo, na wapasuaji wa Ulaya wakaitumia kwa mamia ya miaka.

Waarabu wana msemo kwamba dawa ya mwisho ni moto. Bibi aliupenda, lakini aliusisitiza kwenye neno "mwisho". Alikuwa akikumbusha kwamba Mtume ametaja asali, kuumika na moto katika tiba, kisha moto akauchukia kwa umma wake. Yeye alikuwa mtu wa chuku. Pembe ya ng'ombe iliyotobolewa nchani inawekwa penye maumivu, mwumikaji ananyonya hewa kwa mdomo, anaziba tundu kwa nta, ngozi inavimba ndani ya pembe. Baadaye zinachanjwa chale, pembe inarudi, damu inatoka. Mgonjwa huinuka akiapa amepona. Sijui nani wa kwanza kuona kwamba masimulizi ya watu waliotoka kuumikwa hayalingani na hali zao, lakini Kiswahili kimeshatoa hukumu: kupiga chuku ni kuumika, na kupiga chuku ni kutia chumvi. Neno hilo tutalihitaji huko mbele.

Hapa njia yangu inaruka karne nyingi.

Kilichobadilisha mambo ni kuona. Novemba 1895, Wilhelm Röntgen aligundua eksirei huko Würzburg, na haikuchukua muda mifupa ya watu walio hai ikaanza kutazamwa kama mizigo ya forodhani. Mwaka 1911 Joel Goldthwait, daktari wa mifupa wa Boston, alikuwa na mgonjwa wa kiuno aliyepooza miguu katikati ya matibabu. Mpasuaji Harvey Cushing alimfungua, hakukuta uvimbe. Goldthwait akakaa kutafakari pale chini kabisa, pingili ya mwisho inapokutana na sakramu, ule mfupa mpana wa chini ya mgongo, akaandika kwamba viungo vidogo vya nyuma, vikiwa na maumbile yasiyolingana kulia na kushoto, vinaweza kuwa ndio chanzo cha maumivu mengi ya kiuno. Miaka 16 baadaye Vittorio Putti wa Bologna akaunga mkono akiwa na mifupa mkononi. Mwaka 1933 Ralph Ghormley wa Mayo Clinic akaupa ugonjwa jina, sindromu ya faseti, pamoja na operesheni ya kuutibu.

Jina halikudumu mwaka mmoja likiwa peke yake. Mwaka 1934, Boston tena, William Mixter na Joseph Barr walichapisha habari za wagonjwa 19 na kuonyesha kwamba disiki iliyopasuka inaweza kuchomoza na kubana neva. Ushahidi wao ulishikika: unafungua mgongo, unakuta kinyama, unakitoa, mguu unapona. Faseti haikuwa na kitu cha kumwonyesha mtu kwenye kisahani. Kwa karibu miaka 40 disiki ikatawala kama sultani. Kila kiuno kilichouma kiliitwa disiki, na migongo mingi ikapasuliwa bila kosa.

Waliochokonoa faseti wakati huo walikuwa wachache. Carl Hirsch na wenzake, Sweden, mwaka 1963 waliingiza maji ya chumvi kali kwenye eneo la viungo hivyo, na mtu akasikia maumivu yaleyale ya kiuno, yanatambaa hadi nyonga. Mwaka 1976 Vert Mooney na James Robertson walifanya kitu kama hicho huku wakitazama sindano kwa eksirei, na maumivu yakashuka mguuni mpaka ungedhani ni disiki. Kwa hiyo kiungo cha ukubwa wa ukucha kinaweza kusema uongo kuhusu mahali kilipo. Mzee wa Sur na kidole gumba chake angeshangaa.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Australia, nami nitakisimulia polepole.

Mwaka 1971 daktari mmoja wa Sydney, Skyrme Rees, alitangaza tiba mpya. Neva ndogo za nyuma ndizo zinazopeleka maumivu ya faseti, basi zikatwe. Alichukua kisu kirefu chembamba, akakipenyeza kwenye ngozi iliyotiwa ganzi, akakizungusha kando ya pingili, akakichomoa. Dakika chache, plasta, nenda nyumbani. Alidai kufanikiwa kwa asilimia 99.8. Soma tena: kati ya wagonjwa 1,000, aliokosea ni wawili. Hata panadol haina rekodi hiyo. Bibi angesema mtu huyu kapiga chuku, na angekuwa na maana zote mbili, kwa sababu damu ilitoka kweli.

Madaktari walimiminika kujifunza. Mmoja wao, Norman Shealy wa jimbo la Wisconsin, Marekani, alijaribu kisu hicho, akaona wagonjwa wanavuja damu nyingi ndani ya misuli. Akatafuta njia safi zaidi, akarudi kwenye moto. Badala ya kisu aliingiza sindano iliyofunikwa isipitishe umeme isipokuwa nchani, akapitisha mkondo wa mawimbi ya redio, nyama inayoizunguka ncha ikachemka. Naye akaripoti mafanikio makubwa. Hapa ndipo chuma cha Babu kilipozaliwa upya, kikiwa chembamba kama uzi wa kushonea gunia.

Ndipo akaja Nikolai Bogduk. Alikuwa daktari kijana wa Australia mwenye ugonjwa wa anatomia: alitaka kuona. Yeye na wenzake walichukua maiti, wakafuata hatua za Rees kama zilivyoandikwa, kisha wakafumua misuli tabaka kwa tabaka kutafuta neva zilizokatwa. Mwaka 1977 wakatoa majibu. Kisu hakikufika. Kiliishia kwenye misuli, neva ziko chini zaidi, nzima, hazina habari. Miaka miwili baadaye, akiwa na Don Long, akaigeukia sindano ya Shealy: mahali palipokuwa pakichomwa, neva hazikuwepo. Bogduk akachora njia yao ya kweli. Kila faseti hupokea matawi mawili, moja kutoka ngazi yake na moja kutoka ngazi ya juu yake, na kila tawi hupita kwenye kona ya mfupa, chini ya kijikanda kigumu ambacho kwa wazee wengine hugeuka kuwa mfupa. Ukitaka kunyamazisha viungo vinne vya chini, kama vyangu, neva za kufuata ni sita.

Nikiwa kitandani na mto chini ya magoti, niliweka karatasi kifuani nikatazama dari. Maelfu ya watu walikatwa neva ambazo hazikukatwa, wakachomwa neva ambazo hazikuchomwa, wakainuka wakasema tumepona. Hawakuwa waongo. Mtu huenda kwa daktari siku kiuno kimechacha, na kikishachacha kina kawaida ya kutulia, uchomwe usichomwe. Juu yake weka imani, weka wiki mbili za kupumzika, weka kubadilishiwa kazi. Bibi alikuwa amelisema hilo Pangani bila kupasua maiti.

Bogduk hakusema moto utupwe. Alisema ulengwe. Na akaongeza la kifundi ambalo al-Zahrawi angelipokea kwa mikono miwili: joto la sindano hutanuka kwa ubavuni, mbele ya ncha haliendi mbali. Anayeichomeka wima kama mkuki juu ya neva hupata tone dogo la moto pembeni mwa shabaha. Sindano ilazwe sambamba na neva, kama kalamu kando ya rula. Ndani ya ncha kuna kipimajoto, kwa kawaida kinawekwa nyuzi 80, sekunde 90. Hakuna tena kukisia kwa rangi.

Likabaki swali la nani achomwe. Picha hazisaidii. Utafiti mmoja wa mwaka 2015 uliunganisha picha za watu 3,110 wasio na maumivu yoyote ya mgongo: walio na miaka 50, asilimia 32 walikuwa na faseti zilizochakaa, wenye miaka 80, asilimia 83. Uchakavu ni kama mvi. Kuinama na kubonyezwa navyo havitoshi kumtambua mgonjwa. Kipimo pekee kilichobaki ni kuitia neva ganzi na kuona kama maumivu yanaondoka, nacho kina udanganyifu wake: mwaka 1994 kundi la kina Schwarzer, pamoja na Bogduk, lilionyesha kwamba ukitegemea sindano moja tu ya majaribio, kati ya watu ambao maumivu yao hayatoki kwenye faseti, asilimia 38 watasema "imekubali" bure. Lazima irudiwe, siku nyingine, kwa ganzi ya aina nyingine, na muda wa nafuu ulingane na nguvu ya dawa.

Walipochuja namna hiyo, matokeo yakapendeza. Paul Dreyfuss na wenzake mwaka 2000 walichoma watu 15 tu waliopita mchujo. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 60 ya hao walikuwa wamepungukiwa na maumivu kwa asilimia 90 au zaidi. Ila hawakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Bibi angeuliza: na wapishi?

Waholanzi wakamjibu Bibi. Mwaka 2017 jarida la JAMA lilichapisha majaribio matatu yaliyofanyika katika kliniki 16 za maumivu, watu 681 kwa jumla, kati yao 251 wakiwa wa faseti. Wote walipewa mazoezi chini ya uangalizi. Nusu yao wakachomwa juu yake. Miezi mitatu baadaye wote walikuwa na nafuu, na kilichoongezwa na moto kilikuwa kidogo mno kuwa na maana kwa mgonjwa. Watetezi wa moto wakaja juu: mmewachagua kwa sindano moja ya ganzi tu, nusu ya watu wenu hawakuwa wa faseti. Hoja hiyo ina uzito, na mimi naielekea. Lakini naona pia kwamba mazoezi, ambayo hayana mtu wa kuyauza, yaliwainua waliochomwa na wasiochomwa.

Nafuu nayo haiwi ya milele. Neva iliyochomwa hukua tena, mara nyingi ndani ya miezi sita hadi mwaka, na mtu huweza kurudi kuchomwa tena. Sindano za steroidi ndani ya kiungo chenyewe, ambazo jirani yangu amedungwa tatu, zilijaribiwa Kanada na kina Simon Carette mwaka 1991 dhidi ya maji ya chumvi, na kwenye mwezi wa kwanza na wa tatu hazikuwa na tofauti ya kujivunia. Uingereza, mwongozo wao wa mwaka 2016 unakataa sindano hizo kwa maumivu ya kiuno, na moto wameuweka nyuma kabisa ya foleni: mazoezi na dawa ziwe zimeshindwa, maumivu yafike tano kwa kumi, ganzi ya majaribio iwe imekubali. Dawa ya mwisho.

Nilifanya mazoezi miezi minne. Mtaalamu wa mazoezi tiba, dada mkali kuliko sajini, alinilaza kwenye mkeka akanifundisha kuinua nyonga huku tumbo limekazwa, kisha kutembea, kila siku, mvua au jua. Kutoka nane kwa kumi nikashuka hadi tano. Hapo nikakwama, ndipo nikapanda basi kwenda Nairobi kwa sindano ya kwanza ya majaribio.

Nililala kifudifudi kama Babu. Mashine ya eksirei ilinizunguka kama mkono uliokunjwa, na kwenye kioo niliona pingili zangu za kijivu na sindano sita zinazoingia moja baada ya nyingine, kila moja ikitafuta kona yake. Nusu mililita ya ganzi kila mahali. Hakuna aliyenibonyeza kwa gumba. Nilipewa kijidaftari: andika namba kila saa, na usilale, fanya yanayokuumiza.

Nimefikia kwa binti wa dada yangu, mtaa wa South B. Alinikuta jikoni nikiinamia ndoo ya maji, nainuka, najipinda kushoto, nainamia tena.

"Mjomba, jamani! Si umetoka hospitali leo?"

"Niache mwanangu, naandika."

Saa tano asubuhi nilikuwa mbili kwa kumi. Saa saba, moja. Saa tisa, moja, na nilipanda ngazi za jengo zima kwa sababu tu inawezekana. Saa kumi na moja jioni, tatu. Saa mbili usiku, nikiwa nimekaa kwenye kochi na kikombe cha chai, kiuno kilirudi taratibu kama mwenye nyumba, nikaandika tano. Sindano ya pili ni wiki tatu zijazo, ganzi ya aina nyingine, na hawatanieleza ni ipi.